Nyumba Yenye Geti na Ombaomba wa Yeriko

Wakati wa Kwaresima mwaka huu mtoto wa kaka yangu alinitumia klipu ya sauti. Ana shahada ya biashara, anaendesha bodaboda ya tajiri mmoja pale Morogoro mjini na kumpelekea hesabu kila jioni. Barua za kuomba kazi amezipeleka hadi walinzi wa milangoni wanamjua kwa jina. Katika klipu ile mwalimu mmoja, sauti nzito, kinanda kikilia polepole nyuma yake, aliwaambia wasikilizaji wafumbe macho, waione nyumba wanayoitaka, washike kitasa cha mlango hadi wausikie ubaridi wa chuma kiganjani, kisha watamke kwamba ni yao tayari. Akataja Kutoka sura ya 3, pale Mungu anapomjulisha Musa jina lake, "MIMI NIKO", kwenye kichaka kinachowaka, akasema jina hilo ni ufahamu wako mwenyewe, kwamba ukisema "mimi ni tajiri" basi Mungu amesema. Chini ya klipu kijana aliandika: "Shikamoo shangazi. Hii si ndiyo ile sala mliyofundishwa Nairobi?"

Hakuwa anatania. Ukitazama kwa nje, sala niliyofundishwa na zoezi la klipu ile vinafanana kama ndugu: macho yamefumbwa, Biblia iko karibu, moyo unachora picha, na mtu anaahidiwa wingi wa neema. Nilimjibu kwamba nitamwambia tukionana, kisha nikabaki na swali lake muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Mafundisho ya klipu ile yana mwenyewe, ingawa hakutajwa. Neville Goddard alizaliwa Barbados mwaka 1905, na akiwa na miaka 17 alikwenda New York kusomea uigizaji. Huko, kwa masimulizi yake, mwaka 1931 alikutana na mwalimu aliyeitwa Abdullah, mtu mweusi ambaye Neville alimweleza kuwa Myahudi mwenye asili ya Ethiopia, akamfundisha Kiebrania na siri za Maandiko. Kisa anachokumbukwa nacho zaidi ni cha mwaka 1933. Alitamani kwenda kwao, hana nauli. Abdullah akamwambia aishi kama mtu aliyekwisha kufika, na usiku alale akijiona kitandani kwa wazazi wake. Baada ya wiki kadhaa, alisimulia, barua ilifika kutoka kwa kaka yake ikiwa na habari ya tiketi ya meli. Juu ya kisa kama hicho alijenga mafundisho yake yote: Biblia si historia, ni mchezo unaoigizwa ndani ya msomaji, na Mungu ndiye uwezo wa mwanadamu wa kuwaza. Alifariki Los Angeles mwaka 1972.

Wanaomfufua leo wanasahau nusu ya maneno yake. Mwaka 1961 alitoa kitabu kiitwacho The Law and the Promise, yaani Sheria na Ahadi. Sheria ndiyo hiyo ya kuwaza na kupata. Ahadi ilikuwa jambo jingine: matukio ya ndani ambayo, alisema, yalimjia kuanzia mwaka 1959 bila kuyaomba wala kuyapanga, na katika miaka yake ya mwisho alipenda kuyahubiri hayo zaidi kuliko nyumba na tiketi. Mimi sikubaliani naye hata hapo, lakini nampa haki yake. Mtu aliyewafundisha wengine kuagiza alikiri kwamba kilicho kikubwa zaidi hakiagizwi.

Kuna kuwaza kwa namna nyingine, na mtu wa kwanza niliyemwona akiingia hivyo ndani ya Maandiko hakujua kusoma. Ni bibi yangu mzaa baba, Kibosho, muuza ndizi. Katekista wetu alikuwa na picha kubwa za rangi alizozikunja kama mkeka, na siku za mafundisho alizitundika ukutani, watoto mbele, wazee nyuma. Siku moja ilikuwa picha ya mikate mitano na samaki wawili. Injili zote nne zinasimulia muujiza huo, lakini Yohana peke yake ndiye anayemtaja mtoto, na ndiye anayesema mikate ilikuwa ya shayiri, chakula cha watu wa hali ya chini. Katekista alipomaliza, bibi akauliza: "Na mama yake huyo mtoto? Nani aliyeamka alfajiri kumfungia?" Katekista akacheka, akasema haikuandikwa. "Haikuandikwa, mwalimu, lakini mikate haikujifunga yenyewe."

Watu walicheka wakaenda zao. Bibi hakuliacha. Njiani aliendelea kujiuliza kama mtoto yule alimwambia mama yake kilichotokea, na kama mama alimwamini. Kwa miaka mingi niliichukulia habari ile kama kichekesho cha ukoo. Sasa naona alikuwa amefanya kazi ambayo wasomi wanaandikia vitabu. Alichukua kitu anachokijua kuliko mtu yeyote kanisani, kuamka gizani na kufungasha chakula cha watu wengine, akakipeleka ndani ya Injili, na Injili ikampokea. Vikapu 12 vya mabaki vinakumbukwa na kila mhubiri. Bibi alikumbuka kifurushi kimoja, na aliyekifunga. Hakujitajirisha kwa kuwaza kule, aliendelea kuuza ndizi hadi miguu ilipokataa. Ila tangu siku ile kila alfajiri alipofungasha mzigo wa sokoni alikuwa na mwenzake.

Nilikuwa nimeanza ualimu, katika shule ya kijijini wilayani Kilosa, nilipopata nafasi ya kwenda mafungo ya ukimya Mwangaza, nyumba ya kiroho ya Wajesuiti pale Nairobi. Nilikwenda na shida moja mfukoni: nilitaka uhamisho wa kuja mjini. Msimamizi wangu alikuwa sista Mkenya wa umri wa mama yangu, mwenye maneno machache. Ndiye aliyenisimulia habari za Inyasi wa Loyola, na alizisimulia vizuri kuliko nilivyozikuta baadaye vitabuni.

Mwaka 1521, kwenye vita vya Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu askari yule. Akarudishwa kwao Loyola kuuguzwa. Kwa kuchoshwa na kitanda akaomba hadithi za mashujaa wa farasi na mapenzi, nyumba nzima haikuwa nazo, akapewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Basi akawa anaota mchana kwa zamu. Saa kadhaa alijiona mbele ya bibi mmoja wa hadhi kubwa, anavyomwendea, maneno atakayomwambia. Saa nyingine alijiona akitembea pekupeku kwenda Yerusalemu, akiishi kama Fransisko na Dominiko. Ndoto zote mbili zilikuwa tamu zikiwa zinaendelea. Tofauti ilikuja baadaye. Ya kwanza ikiisha ilimwacha mkavu na mwenye kinyongo, ya pili ikiisha furaha ilibaki. Inyasi akagundua kwamba macho ya moyo yanaweza kuona chochote, na kwamba cha kuchunguza ni hali inayobaki ndoto ikishapita. Kutoka kitandani pale ndipo yalipoanzia Mazoezi ya Kiroho, ambayo Papa Paulo III aliyaidhinisha mwaka 1548.

Namna yenyewe ni rahisi kueleza. Ukitafakari kuzaliwa kwa Yesu, Inyasi anataka uione njia ya kutoka Nazareti kwenda Bethlehemu: urefu wake, upana wake, kama ni tambarare au inapita mabonde na vilima. Ulione pango, kama dari yake iko juu au chini. Kisha uwe humo kama mtumishi mdogo, uwaangalie Maria na Yosefu, uwahudumie wanachohitaji. Mwisho uzungumze nao kama mtu na rafiki yake. Angalia nafasi anayokupa. Kwenye pango lile wewe si mwenye nyumba.

Siku za kwanza sikuona kitu. Njia ya Bethlehemu ilikataa kabisa, ikawa inakuja barabara ya Kibosho kushuka Moshi, na migomba yake, na tope. Nilimlalamikia sista. Akasema barabara hiyo inatosha, Maria apite hapo hapo. Akaniambia pia kwamba Teresa wa Avila alikiri waziwazi hakuwa na kipaji cha kuchora picha kichwani, na huyo ndiye aliyeandika Ngome ya Ndani mwaka 1577, mojawapo ya vitabu vikubwa vya sala. Nawaambia hili wale wanaodhani lazima moyo uonyeshe sinema. Wengine wanasikia, wengine wananusa, wengine wanakaa tu mahali wakijua wapo.

Baadaye akanipa Marko sura ya 10, Bartimayo, kipofu wa Yeriko anayeomba kando ya njia. Anapiga kelele, watu wanamkemea, Yesu anasimama na kuagiza aitwe. Bartimayo anatupa vazi lake na kuinuka kwa kuruka. Marko peke yake ndiye anayelitaja vazi. Nilikwama hapo asubuhi nzima. Kwa ombaomba vazi ndilo blanketi la usiku, na mchana likitandikwa ndipo sarafu zinapoangukia. Kipofu anayelitupa katikati ya umati hana hakika kama atalipata tena. Niliporipoti hivyo, sista akasema: "Sasa simama pale aliposimama yeye. Uulizwe wewe."

Swali tunalijua: Yesu anamwuliza anataka afanyiwe nini. Jibu langu nilikuwa nimelibeba kutoka Kilosa, uhamisho. Nilikaa kwenye bustani, nikafumba macho, nikasogea mbele na neno langu mdomoni, na halikutoka. Lililotoka ni jina la baba yangu, aliyefariki mwaka uliotangulia na kuzikwa upesi, mimi nikarudi upesi kwa sababu ya mitihani. Nililia hadi kengele ya chakula.

Nimelichambua tukio hilo mara nyingi, na nina hakika na jambo moja. Picha sikuichora mimi peke yangu. Kama ingekuwa yangu tupu, ningeambiwa ndiyo, uhamisho umepita. Nilikuwa nimelilia kwa miezi kitu ambacho hakikuwa shida yangu ya kwanza, na Maandiko, yalipopewa nafasi ya kuuliza, yakaifikia shida yenyewe. Huo ndio ufahamu wa ndani ninaoujua. Kuhusu uhamisho, barua yangu ilikaa ofisini miaka kadhaa. Nilirudi shule ile ile, na muhula ule nikamwuliza msichana aliyesinzia kila siku darasani angependa nimsaidie vipi. Nilitegemea aombe chakula au ruhusa ya kulala. Aliomba kukaa karibu na dirisha. Kwao walikuwa wakipikia ndani, moshi ulimwumiza macho, na mwanga hafifu wa nyuma ya darasa ulimfanya ayafumbe.

Nilipohamia Morogoro hatimaye, shule yangu ya pili ya sala ilikuwa jumuiya. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 walizifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji Afrika Mashariki, na nyingi zikapokea namna ya kusoma Injili kwa hatua saba iliyotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia neno lililokugusa, kunyamaza, kushirikishana, kupanga kazi ya kufanya, kusali. Tulikutana uani kwa mmoja wetu, jua likizama, kuku wakipita miguuni.

Jioni moja ilikuwa Marko sura ya 5, mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 na kumaliza mali yake yote kwa waganga. Baada ya ukimya, mama mmoja muuza maandazi, asiyesema sana, akasema anamwona yule mwanamke anahesabu hatua zake, anaogopa kusukumwa, maana akianguka watu watamtambua. Kisha akasema: "Na sisi tunaye wa kupita nyuma ya watu hivi." Kila mtu alijua anamsema nani. Mwenzetu mmoja, tangu uzazi wake wa mwisho, alikuwa haonekani kanisani wala sokoni, na maneno yalikwisha kusemwa kuhusu harufu. Tulipofika hatua ya sita hakuna aliyehitaji kufikiria kazi. Akina mama wawili walikwenda kwake kesho yake. Ilikuwa fistula. Wakaulizia, wakaambiwa hospitali ya CCBRT Dar es Salaam inaitibu bila malipo, wakampeleka. Alirudi amepona.

Muuza maandazi hakuwahi kusikia jina la Inyasi. Alimtazama mwanamke wa Injili kwa muda wa kutosha hadi akamwona wa mtaani kwake, na sijawahi kupata maelezo bora ya kazi ya kuwaza mbele ya Maandiko.

Mtaa huo huo, miaka ya karibuni, jirani yangu alinialika kwenye maombi ya hema. Nilikwenda kwa heshima yake. Mhubiri alituambia tufumbe macho tuijenge nyumba: msingi, paa, rangi ya geti, gari ndani ya geti. Nikafanya kama nilivyoambiwa, na kwa kuwa nilikwisha kujifunza, ilikuja haraka. Geti jeusi, maua ya waridi ukutani. Nilisimama na funguo mkononi. Nikatafuta mtu ndani, hapakuwa na mtu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilipofumbua macho bahasha za sadaka ya mbegu zilikuwa zinazungushwa, na jirani yangu alitia ada ya muhula ya mtoto wake. Wiki ile alitembea kama aliyebebwa. Muhula ulipofunguliwa mtoto alikaa nyumbani.

Luka sura ya 12 inaye mtu wa namna hiyo, tajiri ambaye shamba lake limezaa sana. Sijui kama kuna mtu katika Biblia anayejua kujenga picha kuliko yeye. Anaona ghala zikibomolewa, anaona mpya kubwa zaidi, anaona miaka mingi ya kula na kunywa, na anaongea na nafsi yake kana kwamba imeketi mezani naye. Hesabu watu waliomo katika mpango huo. Hakuna mke, hakuna mtoto, hakuna kibarua aliyevuna, hakuna jirani mwenye njaa. Mungu anapoingia kusema, anamwambia kwamba usiku huo huo roho yake inatakwa. Linganisha na nabii Nathani mbele ya Daudi, 2 Samweli 12. Naye anatumia kuwaza: anamwonyesha mfalme maskini mwenye mwanakondoo mmoja, aliyekua pamoja na watoto wake na kulala kifuani pake, kisha akanyang'anywa na mwenye mifugo mingi. Daudi anaiona picha hadi hasira inampanda, kisha anageuziwa aone kwamba mnyang'anyi ni yeye. Picha ya tajiri wa ghala ilimwambia alichotaka, na ya Nathani ilimwambia Daudi alichokuwa anakikimbia.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kutaka kazi au nyumba ni dhambi, au kwamba walioshiba wawahubirie wenye njaa kuhusu utajiri wa roho. Bartimayo aliomba macho ya mwilini na hakukemewa kwa hilo. Ninachokataa ni kumfanya Mungu na uwezo wangu wa kuwaza kuwa kitu kimoja, kwa sababu hapo hakuna tena wa kunijibu. Nabaki na nafsi yangu, mimi na yeye mezani, kama yule wa ghala. Na nyumba isipokuja, mafundisho yale yanamwambia kijana maskini kwamba kosa ni lake, hakuhisi vya kutosha. Huo ni ukatili, hata ukipigiwa kinanda.

Kijana wangu alikuja Jumapili. Nilimweleza haya kwa kifupi, akasikiliza, akasema: "Shangazi, lakini ile klipu inanipa nguvu asubuhi." Nikamwuliza jioni inamwachaje. Hakujibu mara moja. Tukasoma habari za Yeriko mara mbili, taratibu, nikamwacha peke yake barazani. Alichosema mbele ya swali la Yesu ni siri yake, sikumdadisi. Bado anapeleka hesabu kila jioni, na barua za kazi anaendelea kuziandika, kama inavyopasa.

Lakini alisema neno moja lililonichoma kwa niaba yetu sote: kwamba katika jumuiya yao hakuna mtu aliyewahi kumwambia afumbe macho. Injili inasomwa mbio mbio, hatua ya nne inarukwa, ya sita inageuka kuwa orodha ya michango ya ujenzi na sherehe ya paroko. Kijana mwenye kiu anakwenda kwa yule anayempa dakika kumi za ukimya na kitu cha kuona. Nawasihi viongozi wa jumuiya na makatekista, rudisheni ukimya. Someni polepole, mara mbili, waacheni watu wakae humo ndani, kisha waulizeni wamemwona nani, na kesho yake nendeni kwa huyo. Daftari la michango lingoje mwisho.